Paa la Watu wa Samahonu

Msanifu majengo alipomuuliza Matelda Siahaya, kiongozi wa wapiga filimbi wa ibada, anataka kanisa la namna gani, Matelda alimjibu kwamba anataka lile lile.

"Lile lipi, Mama?" Yondri aliuliza. Alikuwa mtu wa makamo kutoka Ambon mjini, mpole, na alikuwa amevua viatu kabla ya kukanyaga magofu.

"Hilo ulilosimama juu yake."

Lilikuwa limebaki msingi tu, mawe ya matumbawe yaliyogeuka meusi, na ngazi za kupandia hewani. Waliolichoma walikuja kwa malori kutoka mbali, watu ambao hakuna aliyewajua kijijini Hatuleri, na mpaka leo hakuna hata mmoja aliyeitwa mahali popote kujibu. Serikali ilikuja baadaye ikatoa hotuba. Hotuba hazijengi ukuta.

Basi Matelda akaanza kumweleza kanisa lililokufa kama mtu anavyomweleza mama yake kwa mgeni asiyepata kumwona. Filimbi kubwa, zile za mianzi minene, zilikaa upande wa kushoto, juu ya jukwaa la mbao lililokuwa na uwazi chini yake, hivi kwamba sauti nzito ilikuingia kwanza kwenye nyayo, ndipo ikapanda masikioni. Filimbi ndogo zilikaa mbele, pembeni ya mimbari, mahali paa liliposhuka karibu na vichwa. Kuta zilikuwa za mbao kavu zilizozeeka pamoja na watu. Ukiimba ulijisikia, na ukanyamaza ulimsikia jirani yako.

"Na mvua," alisema. "Usisahau mvua."

Hatuleri mvua haiji kama mgeni, inahamia. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane inakaa na watu, inakula nao, inakwenda nao ibadani. Juu ya makuti ya msago, mti wa jamii ya mnazi, mvua ile ilikuwa kama mtu anayechekecha unga nyumba ya pili. Filimbi zilipita juu yake bila kulazimishwa. Katika mvua kama hiyo Matelda, msichana wa filimbi ndogo, alimsikia mume wake kabla hajamwona: nyuma yake kulikuwa na mtu wa filimbi kubwa aliyevuta pumzi katikati ya mstari, mahali pasipovutwa pumzi. Aligeuka akamwambia, "Wewe, wimbo una nukta zake, hukufundishwa?" Wiki iliyofuata jamaa akavuta pumzi pale pale, makusudi, ili ageukiwe tena. Waliishi pamoja mpaka homa ilipomchukua, na filimbi yake iliungua pamoja na kanisa.

Yondri aliandika yote. Alizunguka makanisa ya pwani nzima akipiga makofi ndani yake na kusikiliza makofi yanarudi vipi, watu wakadhani amerukwa na akili. Kisha akarudi na mchoro: jukwaa lenye uwazi chini, kuta za mbao, upande wa filimbi ndogo ukiwa umeshushwa kidogo, na madirisha ya vibao vilivyopandana kama magamba, ya kuingiza hewa na kuiacha mvua nje.

Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, Wempi Lekahena, aliutazama mchoro ule kama mtu aliyeletewa sahani ya jana. Alikuwa amefanya kazi bandarini mjini miaka mingi na kurudi na saa kubwa.

"Dada Telda, mimi watu wa filimbi nawaheshimu," alisema, kamati ikiwa imekaa hemani mbele ya kahawa na ndizi za kukaanga. "Marehemu baba yangu alikuwa wa filimbi. Lakini siku hizi ni zege na marumaru. Tunamwaga zege, tunafunga spika, mnasikika mpaka kule kilimani Samahonu."

"Samahonu wana msikiti wao, hawajaomba kunisikia. Mimi nataka anisikie mama aliyekaa benchi la nyuma."

"Benchi la nyuma wanakaa wavivu."

"Ndiyo maana nataka wasikie."

Watu walicheka, na Wempi akacheka nao, maana hakuwa mtu mbaya. Ubaya wake ulikuwa kuamini kwamba kila kitu cha mjini kimepimwa. Akasema haya, lijengwe la mbao. Lakini kinanda cha umeme ameshakiagiza. Msimu wa mvua ukipita na filimbi zimesikika, kinanda kitakaa ndani ya sanduku lake mpaka kiote ukungu. Zisiposikika, ibada zitaendeshwa kwa kinanda, na filimbi zitakuwa za Krismasi na za kupokea wageni wa serikali.

"Kutoka ibadani mpaka kupungia magari," Matelda alisema.

"Ndiyo makubaliano, Dada. Yakatae sasa."

Hakuyakataa. Aliujua mchoro ule. Usiku hakuhitaji taa kuuona.

Kuhusu paa hakuna aliyesema neno, kwa sababu halikuwa jambo la kusemwa. Paa la kanisa la Hatuleri ni la watu wa Samahonu, Waislamu, ndugu zao wa pela, kama vile nguzo za msikiti wa Samahonu zilivyo za watu wa Hatuleri. Babu wa huku na babu wa kule walikunywa kikombe kimoja, wakaapa. Tangu hapo pela haoani na pela, akiomba hanyimwi, akileta hakataliwi, na wala haulizwi ataleta nini. Mababu wa Samahonu walileta makuti ya msago, baba zao wakaleta makuti ya msago. Yondri akaandika makuti kwenye mchoro wake, na Matelda akaona sawa.

Siku ya kuezeka, ndugu walikuja na ngoma. Waliteremka kilima wakiimba, na nyuma yao lori lilitambaa likiwa limefunikwa turubai. Mbele alikuwa Haji Basir Tuanaya, Raja, yaani mkuu wa kijiji cha Samahonu, mtu mfupi mwenye kifua. Ni yeye ambaye siku za moto alisimama katikati ya barabara na mwavuli wake, akawaambia wenye malori kwamba kina mama na watoto wa Hatuleri wamelala nyumbani kwake, na anayewataka apite juu yake yeye kwanza. Malori yaligeuza.

"Enyi wala nguruwe!" alipaza sauti. "Mmepika nini?"

"Tumewapikia samaki, enyi wezi wa ndizi!" wazee wa Hatuleri walijibu. "Sufuria mpya, haijaonja dhambi!"

Waliendelea hivyo, wakitukanana kwa mapenzi mpaka wakakumbatiana. Kisha Haji akashika pembe ya turubai na kuivuta mwenyewe.

Yalikuwa mabati. Mapya, meupe, yakirudisha jua usoni mwa watu. Kijiji kizima cha Samahonu kilikuwa kimekausha karafuu na kuuza kwa ajili yake.

Watu wakapiga vigelegele. Wempi alipiga kwa nguvu kuliko wote. Matelda alisimama, mikono imemning'inia, na Haji Basir alimjia yeye kwanza, macho yamemlowa.

"Dada Telda. Niliuona moto ule kutoka kilimani. Makuti tuliyoyashona sisi ndiyo yaliyoshika kwanza. Miaka yote hii nimelala na kitu hicho." Akagonga bati kwa kiganja, likalia. "Safari hii halishiki. Waje na petroli yao waione."

Ungesema nini? Matelda alimwambia ahsante, ndugu. Na ahsante ile haikuwa ya uongo, ndilo lililouma.

Jioni Yondri alikaa naye kwenye ngazi. "Mama, hatukuwauliza."

"Pela haulizwi."

"Mvua ikipiga juu ya bati hapo, hata risasi hutaisikia. Niweke dari basi."

"Ukiweka dari nene ya kuzuia kelele, umeshusha kanisa, filimbi kubwa zitakosa pa kupandia. Halafu Haji aingie, atazame juu, asilione paa lake? Mtu amekupa shati, wewe unalivaa ndani ya koti?"

"Basi mwambie ukweli."

"Nimwambie mtu aliyesimama mbele ya malori kwamba zawadi yake inanikera masikio?"

Mabati yakapanda.

Kanisa lilizinduliwa mwezi wa sita, na Samahonu walialikwa wote, wakakaa mabenchi ya mbele wakiwa na kofia zao. Wakati wa sala ya kwanza mbingu zilikuwa kijivu tu. Filimbi zilipoanza, Matelda alisikia, kwa muda mfupi, kitu alichodhani hatakisikia tena: sauti nzito ikipanda kutoka jukwaani, ikipita kwenye nyayo. Watu wazima waliinamisha vichwa. Mzee mmoja akatafuta leso.

Kisha mvua ikafika.

Haikuwa kelele, ilikuwa ukuta. Wapigaji waliendelea kupuliza, mashavu yamejaa, vidole vinakimbia, na hakukuwa na kitu. Mchungaji alifungua kinywa akakifunga. Nyuma Wempi aliinuka taratibu, hakutazama mtu, akaenda kwenye chumba cha pembeni kulikokuwa na sanduku la kinanda. Umeme ulikuwapo siku hiyo. Kinanda kikawekwa, spika zikawashwa, na wimbo ukamalizika kwa mlio wa kitu kilichotengenezwa na watu wasioijua mvua.

Baada ya ibada walikula chini ya hema. Haji Basir alikaa mbele ya Matelda, akaanza utani wake.

"Leo mmetuonyesha muujiza. Watu thelathini wanapuliza uji wa moto, hakuna hata mmoja aliyeungua!"

Meza ilicheka. Matelda hakucheka. Kicheko kikapungua, kikafa. Haji aliweka kijiko chini.

"Dada, nimekosea wapi?"

"Hukukosea."

"Mimi ni pela wako. Ninakuomba uniambie. Nimeomba, sikia, nimeomba mbele ya watu."

Na pela akiomba hanyimwi. Kwa hiyo Matelda alilisema. Alisema mabati yake yanaimba kuliko wao. Alieleza makubaliano ya msimu wa mvua, akasema kinanda kile hakikutolewa leo kwa siku moja, kimetolewa kwa jumla, filimbi zimekwisha. Alisema angekufa nalo moyoni kama asingeulizwa, na kwamba bado, mpaka sasa, anayapenda mabati yale kwa sababu ya aliyeyaleta. Alilia, na alichukia kulia mbele ya Wempi.

Mvua iligonga hema.

"Majani sileti," Haji alisema. "Usiniombe hilo, Dada. Sitaki kuyaona yakishika tena juu ya vichwa vyenu."

"Sijaomba."

"Najua hujaomba, ndiyo maana nasema haraka kabla hujaomba!" Akajipangusa uso. Mmoja wa wakeze waliokaa meza ya pili akainama na kumwambia kitu sikioni. Haji akamgeukia. "Sema kwa sauti."

"Nasema jiko la mama yako," yule mke alisema. "Mama aliweka makuti juu ya bati la jiko. Mvua ilikuwa inamzuia kusikia umbea wa jirani."

Watu wakaangua kicheko. Haji hakucheka. Alilitazama paa la kanisa.

"Juu ya bati," alisema. "Yakiungua, yataungua nje. Chini kuna bati." Akamgeukia Wempi. "Mwenyekiti, kazi yetu ya paa haijaisha. Sisi tumesitisha kidogo tule. Hicho kinanda kirudishe ulikokitoa, msimu haujapita."

"Lakini Haji, kanisa limeshazinduliwa..."

"Paa ni la nani?"

Wempi alikubali kwamba paa ni la Samahonu.

Samahonu nzima ikashona makuti. Wakapanda juu ya mabati kwa kamba, wakitelezeshana na kutaniana, mmoja akipiga kelele kwamba Wakristo wamekuwa mabwana wakubwa, sasa kanisa lao linavaa kofia mbili. Wempi mwenyewe alishika ngazi chini, saa yake ikiwa imejaa maji.

Jumapili ya kwanza baada ya hapo mvua ilianza tangu alfajiri. Haji Basir alikuja peke yake, akakaa benchi la nyuma kabisa, pale wanapokaa wavivu. Matelda aliinua mkono.

Zilisikika. Mvua ilikuwa mbali, nzito lakini mbali, na filimbi zikapita. Wempi alisikiliza ubeti mzima kichwa kikiwa upande, kisha akalivuta lile sanduku kutoka ukutani na kulitoa nje ya kanisa, akilisukuma kwa goti.

Matelda alikuwa anasikiliza kingine. Sauti ilipanda, lakini ilipofika juu iligusa bati na kurudi na makali kidogo. Filimbi ndogo ziling'aa mno. Zile kubwa zilichelewa kidogo kutulia, kama mtu anayezungumza akiwa mlangoni. Mahali pale alipokaa mume wake, upande wa kushoto, palikuwa na mtu mwingine kabisa, na filimbi mpya.

Wimbo ulipokwisha Haji alimjia katikati ya kanisa, kofia mkononi.

"Nimesikia mpaka nyuma," alisema. "Kila kitu. Ndivyo ilivyokuwa, Dada? Ndiyo sauti ile ile?"

Wapigaji wote walimtazama Matelda. Wengi wao walikuwa na umri wa kukumbuka.

"Hapana, ndugu," alisema. "Ile waliichoma."

Haji aliinamisha kichwa polepole, kukubali. Hakuomba radhi, na Matelda hakutaka aombe, maana mwenye kuomba radhi hakuwamo humo ndani.

"Basi hii pigeni tena," Haji alisema, "niijue." Akarudi kukaa, safari hii benchi la katikati.