Kinyozi na Tumbili wa Mlimani

Miaka yote ya kazi yake, Sista aliota kitu kimoja tu: kimya. Alikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji, na masikio yake yalishiba kengele, vilio na milio ya mashine mpaka yakavimbiwa. Kwa hiyo binti yake mhandisi alipomjengea yeye na mumewe nyumba katika mtaa ule wa binafsi, uliojificha ndani ya msitu wa mlima, Sista alifunga virago kabla rangi ya kuta haijakauka.

Mtaa ulikuwa na masharti yake. Hakuna uzio kati ya jirani na jirani. Mti haukatwi ila kwa ruhusa ya kamati. Muziki usivuke kizingiti cha mwenye nao. Mnyama wa porini asilishwe. Kila nyumba ilijibanza nyuma ya miti yake, na ukungu ukishuka asubuhi ungeapa kwamba duniani umebaki wewe na ndege. Sista aliunywa ukimya ule kama mwenye kiu. Haukupita muda, majirani wakamchagua kuwa mwenyekiti wa kamati.

Mumewe alikuwa kinyozi. Tangu ujanani alikuwa na kibanda karibu na stendi ya mabasi, na watu walisema pale nywele ni kisingizio tu, mtu anakwenda kunyolewa uchovu. Wateja aliwajua kwa visogo vyao. Alisuluhisha ndoa, alibishana mpira, alicheka mpaka mkasi ukamtoka mkononi. Habari ya mlimani ilipoletwa, alimtazama mkewe usoni, akaona macho yanavyong'aa, akasema, "Haya, twende. Hata mimi nimechoka kusimama." Kibanda akamwachia mwanafunzi wake.

Huko juu maneno yalimpungua siku hadi siku. Sista akadhani ni utulivu umemwingia.

Shida ilianza kwa mkate. Jirani wa upande wa juu, mwanasheria, aliishi na mama mkwe wake. Asubuhi moja bibi huyo alikuwa barazani na chai yake, mara tumbili dume mwenye sikio lililochanika akapanda mezani kama mgeni aliyealikwa, akanyakua mkate. Bibi akashtuka, akaanguka na kiti chake, mkono ukateguka. Sista ndiye aliyemfunga bendeji.

"Mwenyekiti, nataka mitego," mwanasheria alisema. "Wanyama hawa waondolewe wote."

Sista akamwita bwana mmoja, afisa wa wanyamapori. Bwana yule akazunguka, akachunguza, akatikisa kichwa. "Tumbili wa porini humwogopa mtu. Hawa wameshazoea mkono. Humu ndani kuna mtu anawalisha. Akiacha yeye, nao wataacha."

Sista alikasirika kwelikweli. Akaitisha mkutano wa Jumamosi, na mezani akamwambia mumewe, "Nikimjua mtu huyo, namtaja mbele ya wote. Sheria ni msumeno, baba."

Kinyozi alitafuna, akatafuna, kisha akasema ndizi za siku hizi zinaiva upesi.

Siku ya Ijumaa Sista alikwenda kumbadilishia bibi bendeji. Akamkuta amelala, basi akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma, ya msituni. Alipokaribia alisikia sauti ya mumewe. Si ile ya siku hizi, ya ndiyo na hapana. Ilikuwa sauti ya kibandani, nene, yenye kicheko ndani yake. Moyo wa Sista uliruka kwa furaha: mzee kapata mgeni!

Akachungulia kati ya majani. Kinyozi alikuwa ameketi juu ya gogo, kikapu cha ndizi miguuni, tumbili wamemzunguka.

"Wewe, shavu limejaa hivyo, unamnyima nani? Na wewe mama, mwanao huyu anataka kunyolewa, nywele zimemfika machoni. Haya, tuliishia wapi? Yule dereva aliyeoa dada wa adui yake..."

Dume wa sikio lililochanika akanyoosha mkono. Kinyozi akampa ndizi kwa heshima, kama mteja wa siku nyingi.

Sista alitaka kupiga kelele, lakini akaketi palepale kwenye majani mabichi. Kijiti kikavunjika. Tumbili wakatawanyika, na mumewe akageuka.

"Kumbe ni wewe," Sista alisema.

"Ni mimi, mama watoto."

"Bibi wa watu ameumia kwa ajili yako."

"Najua. Tangu siku ile usingizi sina."

"Sasa mbona hukuacha?"

Kinyozi alipangusa mikono kwenye suruali. "Watu wa hapa wananisalimia kwa kupunga mkono, wamo ndani ya gari, vioo juu. Hawa walikuja wakakaa."

"Na mimi je? Mimi si mtu?"

"Wewe ulikuwa unapumzika. Nikuanzie kelele tena, baada ya wodi yote ile?"

Sista aliona aibu, na aibu yenyewe hakujua aiweke wapi.

Kwenye mkutano alisimama, akafungua kinywa, lakini kinyozi alimtangulia. "Msimtafute mtu. Ni mimi. Bibi, nisamehe." Wala hakujitetea.

Mwanasheria alifoka mpaka akaishiwa pumzi. Mwishowe wakaafikiana kwamba mitego isiletwe, ila aliyewafundisha tumbili awaachishe mazoea hayo yeye mwenyewe: kila asubuhi awafukuze kwa kupiga debe, mpaka wasahau njia.

"Na ukifika kwangu uingie tunywe chai," bibi alidakia, mkono wake ukiwa kwenye bendeji. "Mkwe wangu huyu akiniongelesha, kama yuko mahakamani." Watu wakacheka, na mwanasheria naye, baada ya kusitasita.

Kazi ile ilikuwa chungu. Asubuhi ya kwanza Sista alifuatana na mumewe. Tumbili walikuja mbio, wamefurahi, na dume akanyoosha mkono kama kawaida. Kinyozi akapiga debe. Dume hakuelewa, alirudi nyuma kidogo, akanyoosha mkono tena. "Nenda!" kinyozi alipaza sauti, akapiga, akapiga, machozi yakimtiririka. Sista akalichukua debe, akaendelea kupiga yeye.

Mvua zilipoanza, tumbili hawakuja tena.

"Rudi kibandani," Sista alimwambia siku moja. "Mwanafunzi wako hatakunyima kiti."

"Na wewe?"

"Mimi mahali pangu ni hapa. Usiniombe nidanganye."

Basi ikawa hivyo. Jumatatu kinyozi hushuka mjini na kulala kwa dada yake, Ijumaa hupanda. Majirani walinong'ona kwamba wazee wale wameachana, wakanong'ona mpaka wakachoka.

Ijumaa ya kwanza aliingia na vumbi la stendi kwenye viatu, akaanza kusimulia kabla hajaketi: mteja aliyesinzia akanyolewa sharubu bila kupenda, mabishano yaliyofuata, na mke wa mteja huyo alipokuja kushitaki. Chakula kikapoa. Katikati alinyamaza, akamtazama mkewe kwa wasiwasi.

"Nakupigia kelele?"

Sista alivuta kiti chake karibu. "Huyo mke," alisema, "alipofika akasemaje?"