Sifuri Mbili Ukunguni

Pamela Mapunda alikuwa mwalimu wa jiografia mjini Songea, na hakuwa mtu wa kukiamini chombo kabla hajakihoji. Jioni ya kuamkia Jumamosi ile alikaa uani na GPS yake ya mkononi, akaiacha kwanza itazame mbingu mpaka ikapata setilaiti za kutosha, ndipo akaanza kuipanga. Alichagua namba zisomeke kwa nyuzi na dakika, kama zilivyoandikwa mtandaoni. Akahakikisha inatumia vipimo vya sasa vya dunia nzima, si vile vya ramani za zamani za mwaka sitini. Mwisho akasimama, akazunguka nayo polepole ili dira itulie. Kaka yake Kajetani, aliyekuwa ameegemea mlango, akacheka na kusema kwamba leo mwalimu anacheza ngoma bila wapigaji.

Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya mchezo ulioletwa na Remmy, rafiki yao mwenye duka la simu. Mtu anaficha kopo porini, anaweka mtandaoni majiranukta yake, yaani namba za mahali lilipo, na wenzake wanakwenda kulisaka. Safari hii Remmy alikuwa amelificha kwenye shamba la miti ya paina upande wa Matogoro, kando ya njia ya kuzuia moto.

Kajetani naye alikuwa na mashine yake, aliyoinunua kwa mpima ardhi mmoja mstaafu wa Njombe. Pamela alimwomba aifungue waangalie ilivyopangwa. Kajetani akajibu kwamba mashine iliyopima viwanja vya watu miaka yote hiyo haiwezi kushindwa na kopo. Wakati wa chakula Pamela akagusia tena, na kaka mtu akageuza mazungumzo.

Asubuhi kulikuwa na ukungu wa kipupwe, ule unaolala chini hadi saa nne. Kajetani akataka washindane: yeye aingilie upande wa bondeni, dada yake upande wa barabarani, wakutane kwenye kopo. Pamela hakulipenda wazo hilo, ila sababu hakuwa nayo, akakubali. Dereva wa bodaboda aliyemfikisha ukingoni mwa shamba alimuuliza kama kuna mtu anayemsubiri humo ndani. Alipoambiwa ndiyo, hakuondoka mara moja. Alimtazama akiingia, kisha akawasha pikipiki.

Ndani ya paina hapakuwa na sauti ya ndege. Miti ilisimama kwa mistari, na kila mstari ulimezwa na weupe hatua chache mbele. Ardhini yalilala majani makavu yaliyonyonya vishindo vyote, hata Pamela hakuweza kujisikia akitembea. Alifuata mshale wa mashine, umbali ukipungua taratibu, mpaka akatokea kwenye njia ya kuzuia moto. Kopo lilikuwa pale pale, chini ya mawe, ubavuni mwa kisiki. Akakaa kumngoja kaka yake.

Simu ikaita.

"Nimefika," Kajetani alisema, akihema. "Wewe uko wapi?"

"Na mimi nimefika, kaka. Nimekaa karibu na kopo."

"Haiwezekani. Mimi nimesimama juu yake. Mashine inasoma sifuri."

Pamela akaitazama yake. Nayo ilisoma sifuri. Akainuka, akageuka huku na huku. Njia ilikuwa tupu pande zote mbili.

"Kaka, usiondoke hapo ulipo," alisema.

Lakini Kajetani alikuwa ameshaona kitu. Alimwambia mbele yake kuna nyasi zimelazwa kwa mkono wa mtu, bila shaka Remmy kalificha chini yake. Kisha ikasikika sauti kama tenga la kuni likivunjika, na baada ya hapo hapakuwa na neno. Laini haikukatika. Pamela aliita jina la kaka yake, akasikia kitu kikikwaruza udongo, halafu simu ikazimika.

Alipaza sauti mpaka koo likamuuma. Ukungu haukurudisha chochote. Akaona akikimbia ovyo watapotea wote wawili, akajilazimisha kufikiri. Ile mashine ilikuwa ya mpima ardhi wa zamani, na wapima wa zamani walifanya kazi kwa ramani za mwaka sitini. Namba zile zile, ukizitia kwenye vipimo vile, zinakupeleka mahali pengine kabisa. Alikuwa akiwafundisha jambo hilo kidato cha nne kila mwaka.

Basi akafanya lile alilolikwepa jana. Alibadilisha vipimo vya mashine yake kuwa vya zamani, akaziingiza upya namba za kopo. Mshale uliokuwa umetulia ukageuka ukaelekea kusini, na sifuri ikawa karibu mita mia tatu. Ili ampate kaka yake ilimbidi apotee kama alivyopotea yeye.

Aliokota tawi refu, akawa anaipiga ardhi mbele yake kabla ya kukanyaga. Alivyozidi kushuka, paina ziliisha yakaanza magugu na miti ya asili. Mashine ilimsisitizia aende moja kwa moja. Zilipobaki mita kama ishirini, tawi lilizama mpaka mkononi.

Akasimama, akaita kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mwingine anayesikiliza.

"Usije," sauti ya Kajetani ilitoka ardhini, dhaifu. "Pamela, usije. Mashimo yako mengi."

Hapo ndipo alipoyaona, nyasi zilizolazwa, kulia kwake, kushoto kwake, hata nyuma alikopita. Hakusogeza mguu. Alirudisha mashine kwenye vipimo vya sasa, akasoma majiranukta ya pale aliposimama, akampigia Remmy akamtajia polepole, akamwambia aje na watu, kamba na fito. Kisha akakaa papo hapo akizungumza na kaka yake ili asilale, akimuuliza habari za utoto wao, naye akijibu neno moja moja.

Remmy na vibarua wa shamba waliwafikia ukungu ukiinuka. Shimo lilikuwa refu kupita kimo cha mtu, na chini yake kulikuwa na vigingi vilivyochongwa ncha. Kimoja kilikuwa kimepenya paja la Kajetani. Alipona, lakini mguu ule haukunyooka tena sawasawa.

Wanakijiji wa jirani walisema mitego ya nguruwe wanaijua, ila ile haikuwa yao, na nguruwe hawajaonekana upande ule kwa muda mrefu. Jumatatu mwenyekiti wao alikwenda na Remmy kuyafukia mashimo. Walikuta lile alilotumbukia Kajetani, walilokuwa wameliacha wazi, limeshafunikwa. Nyasi zake zilikuwa mbichi.