Msiba Katika Darasa la Kuchora

Adinani aliipenda karakana ile mpaka watu wakaanza kumwonea huruma. Wazungu wa mashamba ya karanga walikuwa wamefunga virago, karanga zikiwa zimewashinda, wakaiachia Nachingwea majengo marefu ya bati ambayo hakuna aliyejua ayafanyie nini. Hili lilikuwa la kutengenezea matrekta. Ndani mlikuwa na popo, harufu ya grisi, na meza ya mafundi pana kuliko kitanda cha bwana harusi. Lakini mwanga! Uliingia kwa madirisha ya juu, mweupe, mtulivu, ukalala sakafuni mchana kutwa bila kumchoma mtu macho. Siku ya kwanza aliposimama katikati yake, Adinani alicheka peke yake, na mlinzi akamuuliza kama amekula.

Alikuwa amemaliza chuo cha sanaa Kampala, tena vizuri. Chuo kikamwahidi mwaka mmoja wa juu, gharama ya rangi na turubai juu yake, kwa masharti mawili: awe na mahali pa kufanyia kazi, na awe na darasa la watu wa kwao. Ofisi ya wilaya ilimpa karakana bila maneno mengi, maana hata popo hawakuwa wakiilipia. Ilibaki mkaguzi wa elimu aje alione darasa kwa macho yake. Akiridhika, Adinani ni mchoraji. Asiporidhika, kuna ukarani kwa mnunuzi wa korosho kule Ruangwa, kazi ambayo mama yake alikwisha kuisifia kwa majirani kana kwamba ameipata tayari.

Kusema kweli, kufundisha hakukumkaa moyoni. Darasa aliliona kama kodi ya kichwa: unalipa ili uachwe uishi. Alichotaka ni ule mwanga, mlango uliofungwa, na yeye ndani na rangi zake, basi. Hata hivyo wanafunzi alikuwa nao. Sabaha, mfinyanzi kutoka Ruponda, alikuja kwa sababu alisikia kuna mtu anafundisha kutazama, akataka kujua hilo nalo linafundishwaje. Stefano, Mmakonde aliyevuka Ruvuma na patasi zake mfukoni, alikuja kubishana. Wengine wachache walikuja kwa kuwa kivuli cha karakana kilikuwa kizuri.

Siku moja kabla ya mkaguzi, Adinani aliamua wafanye mazoezi ya somo gumu, mikunjo ya nguo juu ya mwili wa mtu. Alihitaji mtu wa kulala tuli. Katika ukoo mzima hakuna aliyekuwa na kipaji hicho kumshinda mjomba wake Yunusi, ambaye aliwahi kulala ngoma ikipigwa ubavuni mwake, na ngoma yenyewe ya kumwozesha bintiye.

"Nilale tu?" Mjomba Yunusi aliuliza, haamini bahati yake.

"Ulale tu, mjomba. Usitikisike."

"Mwanangu, ningejua elimu yenyewe ndiyo hii, ningesoma."

Akapanda mezani, akanyooka chali. Adinani akamfunika nguo ya marekani nyeupe, mpya, kuanzia miguuni hadi kifuani. Nzi wakaanza kumsumbua, naye mjomba akaivuta nguo mwenyewe, akajifunika mpaka utosini. Punde akawa hasikii la mwadhini wala la mnadi samaki. Darasa likakaa kuizunguka meza, vichwa vimeinama juu ya karatasi, kimya kabisa, mkaa ukikwaruza taratibu.

Sasa wewe msomaji, hebu pita nje ya dirisha hilo na uchungulie, kama alivyochungulia Salimu muuza kahawa. Ungeona nini? Mtu kanyooshwa mezani, kafunikwa nyeupe gubigubi. Watu wamemzunguka, wameinamisha vichwa, hakuna anayesema. Miguu iliyochomoza mwishoni ni ya Yunusi, na miguu ya Yunusi mji mzima unaijua. Salimu hakuuliza. Jambo kama hilo huulizi, unakwenda kuwaambia watu.

Adinani alikuwa akimwonyesha Stefano jinsi kivuli kinavyoingia katika mkunjo wa goti aliposikia kilio cha kwanza. Kilitokea upande wa sokoni, kikajibiwa na kingine, kikakaribia. Kabla hajafika mlangoni, mlango ulimfikia yeye. Wanawake waliingia wamejifunga kanga viunoni, wengine na vikapu vya unga vichwani, mmoja na kuku mkononi anayelia kuliko wafiwa wote. Mbele yao alikuwa Mwanne, mke wa Mjomba Yunusi, akishikiliwa na wenzake huku na huku.

"Yunusi wee! Umeniachia nani? Asubuhi umekula viazi vyote, kumbe unaniaga!"

"Mama, subiri," Adinani alisema. "Mama, nisikilize, mjomba hajafa..."

"Najua, mwanangu, hata mimi siamini," Mwanne alimjibu, akamkumbatia, akamlilia shingoni, na Adinani hakupata tena pumzi ya kueleza.

Hapo ndipo alipoingia mwendawazimu. Adinani, kwa jicho moja lililobaki nje ya kanga ya Mwanne, alimwona mtu mnene, koti limegeuzwa ndani nje, tai imefungwa kichwani, kaninginiza birika la kahawa la Salimu shingoni. Alikuwa akipiga makofi na kuimba kwa furaha isiyofaa.

"Nani kamruhusu huyu Mmwera kufa?" alifoka. "Mtumwa wangu anakufaje bila kuniomba ruhusa, mimi Mngoni? Babu yangu aliwakimbiza nyie mpaka mkasahau njia ya kwenu, leo mnajifia tu kama watu huru! Simameni! Hakuna mazishi mpaka nilipwe!"

Vilio vikapoa, vikaanza kuchanganyika na vicheko. Mtani amefika! Wangoni na Wamwera wametaniana tangu mikuki ilipowekwa chini, na msiba usio na mtani ni kama mboga isiyo na chumvi. Hata Mwanne alijifuta machozi apate kumwona vizuri. Mtu yule akaizunguka meza, akaipima kwa shubiri, akatikisa kichwa.

"Meza yote hii peke yake? Hata kufa anajinafasi! Sogea huko!"

Akapanda, akajilaza kando ya marehemu, akampiga kikumbo cha nguvu.

"Mwanne," ilisema sauti nzito chini ya marekani, "ukinisukuma tena nahamia kwa dada yangu."

Enyi watu wa Nachingwea! Mguu niponye! Vikapu viliruka, unga ukamwagika, popo wakatoka, watu wakapita mlangoni wanne wanne pale wanapopita wawili. Mtani mwenyewe hakuona mlango. Alilifuata dirisha la chini, akaingia kichwa na kifua, tumbo likakataa. Akabaki hapo, nusu ndani nusu nje, akiwaita watakatifu wote wa misheni ya Peramiho kwa majina. Mjomba Yunusi aliketi mezani, nguo imemwangukia mabegani, akauliza kama somo limekwisha.

Nje, dereva wa gari la serikali alikuja mbio.

"Bwana mkaguzi! Bwana Saturnini! Umeumia?"

Adinani akaligeukia tena dirisha. Mkaguzi alikuwa amewahi siku moja, akasimama barabarani anywe kahawa, Salimu akampa habari ya msiba, na damu ya utani ikamshinda. Sasa yule mtu aliyeushika mwaka wote wa Adinani alikuwa ameng'ang'ania dirishani, suruali juu ya vifundo. Adinani alikwisha kuiona meza ya ukarani, na korosho zimejaa kila upande.

Walimvuta kwa ndani, mwanafunzi huyu mkono, yule koti. Bwana Saturnini alisimama, akajipangusa unga, akaitoa tai kichwani na kuifunga mahali pake. Akawatazama Wamwera waliokuwa wakirudi mmoja mmoja mlangoni. Uso wake ulijaribu kuwa wa serikali. Ulijaribu kweli. Kisha Mjomba Yunusi akasema, "Mngoni, babu yako alikuwa anakimbia hivyo hivyo?" na Bwana Saturnini akacheka mpaka akakaa chini, na karakana yote ikaangua kicheko cha kuvunja mbavu, hata kuku.

Alipopata nguvu aliomba kuona kazi. Alitazama michoro ya darasa, akaurudia wa Stefano, ambaye hakuinuka kitini muda wote na alikuwa amekwisha kulichora dirisha lote pamoja na kilichokwama ndani yake. Kisha akazitazama picha za Adinani mwenyewe, ukutani, kwa muda mrefu, bila utani.

"Kijana," alisema kwa sauti ya chini, "wewe una mkono. Kwa nini upoteze saa zako na makelele haya? Nitakiandikia chuo kwamba jengo linafaa, ila watu wa kufundishwa hawapo. Nina neno huko, watakubali. Utapata mwaka wako, na mlango utaufunga. Unasemaje?"

Ndiyo hiyo dua yake, imejibiwa tena bila kukatwa hata herufi. Adinani alifungua kinywa kusema ahsante.

Lakini macho yake yalikuwa yamemwona Mwanne. Katika vurugu ile aliokota kipande cha mkaa na karatasi ya mtu, akakaa juu ya kikapu mbele ya mumewe, na alikuwa akichora. Machozi hayajakauka. Alimtazama Yunusi, akachora, akamtazama tena, kama mtu anayehesabu vyombo baada ya moto kuzimwa. Na Yunusi, ambaye hakuna aliyemwambia, alikuwa ametulia tuli, macho wazi, anamtazama mkewe. Adinani akamgeukia mkaguzi.

"Watu wapo, bwana," alisema. "Andika wapo."

"Nikiandika wapo, nitakupa na darasa la Ruangwa. Utakwenda kwa baiskeli."

"Nipe."

Mwanne hakuwa akiwasikiliza. Aliinua kichwa, akamtafuta Adinani, mtoto aliyempakata na kumwogesha, aliyemwita mwanangu siku zote.

"Mwalimu," alisema, "sikio lake linaanzia wapi?"

Adinani akachutama kando yake, akamwonyesha.