Siku Mia Tatu Arobaini na Sita

Bi Mwanakhamis aliumwaga wali wote. Sufuria nzima ya wali wa nazi, Februari ya mwaka themanini na nane, wakati mchele pale Maramba ulikuwa ukitafutwa kwa tochi, aliibeba mpaka nyuma ya nyumba akaufukia kwa jembe. Aliporudi alichota udongo safi, akausugua ndani ya sufuria, akaanza kumimina maji huku akihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Wanawake wengine saba walikuwa wakifanya vivyo hivyo vibarazani kwao, nami nilisimama katikati ya ua na fomu zangu mkononi. Hakuna aliyenitazama.

Nina hasira mpaka leo. Nasema mapema, ili asiwepo wa kungoja nipoe.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, mzaliwa wa mjini, Chumbageni, mhandisi mwanamke pekee katika mradi wetu wa serikali wa gesi ya samadi. Chuo kimoja cha ng'ambo kilikuwa kimefungua masomo ya shahada ya pili ya nishati mbadala, na nafasi ya ukanda wetu wote ilikuwa moja. Masharti yalikuwa manne. Shahada ya kwanza, ninayo. Miaka miwili kazini, ninayo. Barua ya mwajiri, nimeahidiwa. Sharti la nne lilitaka mtambo uliojengwa na mwombaji mwenyewe, uliofanya kazi miezi kumi na miwili mfululizo, na kila mwisho wa mwezi watumiaji wathibitishe kwa saini kwamba majiko yao yamewaka. Walioliandika hawakuwahi kuiona Januari ya Maramba, nyasi zimekauka na ng'ombe mbavu nje. Wao kwao mfululizo ni neno tu.

Mtambo niliujenga katika kambi ya zamani ya vibarua wa mkonge. Sikuujenga peke yangu, ingawa fomu ilitaka niseme hivyo. Shimo walichimba wanawake wanane wenye majiko, wakiongozwa na Bi Mwanakhamis, Mpemba aliyeolewa huku tangu ujana wake. Mafuta ya taa wakati ule yalipatikana kwa foleni na kwa kujuana, na kuni zilikuwa zimesogea mbali kiasi kwamba mtu akienda asubuhi alirudi adhuhuri. Gesi ilipowaka mara ya kwanza, Machi mosi themanini na saba, Bi Mwanakhamis alikaa mbele ya jiko lake akautazama ule moto wa buluu mpaka chai ikafurika.

Kila asubuhi wao ndio walioulisha mtambo. Walimwaga samadi kwenye beseni la saruji, wakaongeza maji, wakakoroga kwa mikono mpaka mabonge yote yakayeyuka. Mwanzoni niliwaletea miiko mirefu ya mbao. Walinicheka. Mkono ndio unaojua bonge limejificha wapi, walisema, na mavi ya ng'ombe unayaosha, unatawadha, unaswali. Kila mwisho wa mwezi nilipita na fomu na kidau cha wino, wanane wote wakapiga dole gumba. Miezi kumi na moja. Naijua michirizi ya vidole vile kuliko ya vyangu.

Januari, Bwana Hija, mwenye ng'ombe tuliotegemea samadi yao, akawaswaga kwenda bonde la Umba kufuata majani. Samadi ikapungua, moto ukafifia. Mkubwa wangu, Bwana Hilal, akaja kutoka ofisini kwetu mjini, Raskazone, na Landrova ya mradi. Wafadhili walikuwa wanakuja mwezi wa tatu, na yeye alikuwa amekwisha kuwaandikia kwamba mtambo haujawahi kusimama. Hilal alikuwa mtu wa sala tano, mwenye sijida kubwa kwenye paji la uso.

"Nenda mjini ukapigishe chapa ripoti yako," akaniambia. "Huku niachie mimi."

Nilimwachia. Nilikaa mjini karibu wiki mbili nikibembeleza karatasi ofisi moja na utepe wa taipureta ofisi nyingine. Niliporudi, tarehe nane Februari, majiko yote manane yalikuwa yanawaka kupita hata wakati wa masika. Nilipima gesi mara mbili nisiamini, nikapigisha madole ya Januari yaliyokuwa yamechelewa. Niliruka kwa furaha, mtu mzima mimi, mbele za watu. Wanawake wakaniambia Bwana Hilal analeta mapipa kila alfajiri, samadi ya ng'ombe wa kisasa wanaolishwa pumba. Ndiyo maana ina harufu ngeni, alikuwa amewaeleza.

Jioni ile Bertha akanisimamisha njiani. Bertha alikuwa Mlutheri, Msambaa wa Lushoto, na ndiye pekee aliyefuga nguruwe pale kambini. Kwa miaka ishirini alikuwa akizunguka njia ndefu na ndoo zake ili asipite karibu na kisima wala uani kwa jirani. Hakuna aliyempangia. Alijipangia mwenyewe, na majirani walimheshimu kwa hilo.

"Injinia," akasema, "yale mapipa mtachukua mpaka lini? Mimi nina shamba la kutia mbolea."

"Mapipa gani?"

Akaelekeza kidevu bandani kwake. "Bwana Hilal amesema umeagiza wewe. Akasema wenzangu wameshauliza kwa shehe, wamekubali." Akaniangalia usoni, na nadhani aliuona ukweli pale pale. "Mungu wangu. Hawajui?"

Nikamwomba aninyamazie mpaka nizungumze nao mwenyewe.

Sasa nifike mahali ninapopachukia. Sikuzungumza nao jioni ile. Zilikuwa zimebaki siku ishirini na moja. Nililala nikijiambia kwamba kosa si langu, kwamba najisi isiyojulikana haina dhambi, kwamba nikirudi na shahada nitajenga mitambo mia. Asubuhi niliwaona wamejiinamia kwenye beseni, mikono imezama mpaka viwikoni. Bi Mwanakhamis alijifuta jasho kwa bega, akaenda kunawa maji mara moja kama kawaida yake, akaingia ndani kuswali Dhuha. Nilitazama. Bertha alipopita mbali na ndoo zake nilijifanya nasoma mita.

Siku ya tatu yake, tarehe kumi, Bi Mwanakhamis aliniita jikoni. Wali ulikuwa umeiva tangu asubuhi, alikuwa na wageni wa mchana. Akaniambia, "Nimekuombea alfajiri, mwanangu. Nimemwomba Mungu akupe hicho chuo chako."

"Bi Mwanakhamis," nikasema, "yale mapipa ni ya nguruwe."

Aliitazama mikono yake, upande mmoja, kisha wa pili.

"Nguruwe wa Bertha?"

"Ndiyo. Lakini Bertha alidanganywa. Ni Hilal."

"Nawe wajua tangu lini?"

Ningeweza kusema tangu asubuhi ile. Angeniamini. "Tangu juzi jioni," nikasema.

Akaanza kuhesabu kwa vidole, taratibu. Magharibi ya juzi. Isha. Alfajiri. Dhuha. Adhuhuri. Alipomaliza kidole cha mwisho hakunitukana. Aliinuka akafunga koki ya gesi, akatoka nje kuwaita wenzake, na ndipo wali ukafukiwa. Mara saba maji, ndivyo dini inavyotaka kwa najisi ya nguruwe, na moja katika hizo saba iwe na udongo: sufuria, mabeseni, mbuzi za kukunia nazi, mikono yao wenyewe. Bertha alikuja akasimama pembeni akilia. Bi Mwanakhamis akamwendea, mikono bado inachuruzika.

"Wewe hukujua," akamwambia. "Nenda nyumbani, dada yangu."

Nilisubiri aje na kwangu. Hakuja.

Mchana Hilal akafika, akaukuta mtambo umefungwa na mlango wa kibanda chake umetiwa kufuli ya wanawake. Aliniita mjinga mbele ya dereva.

"Siku kumi na tisa! Siku kumi na tisa zimekushinda kufunga mdomo? Gesi ni gesi. Moto hauna dini!"

"Ungewaambia hivyo kabla hawajatia mikono."

"Lete fomu." Akanyoosha mkono kwenye kidau cha wino. "Madole manane tu. Mimi ninayo kumi."

Alikuwa anasema kweli kabisa. Alikuwa tayari kuwa wanawake wanane pale pale, juu ya boneti ya Landrova, na sijida yake usoni. Nilimpokonya kidau kwa nguvu wino ukaturukia sote. Usiku ule niliandika ukurasa wa mwisho wa ripoti kwa kalamu: siku 333 kwa samadi ya ng'ombe, siku 13 kwa samadi iliyochanganywa na ya nguruwe, bila wenye majiko kujua, baada ya hapo mtambo umefungwa na wenyewe. Nikaipeleka posta kwa mkono wangu.

Jibu lilikuja Mei, nusu ukurasa. Wamevutiwa na uwazi wangu. Wanasikitika, sharti ni miezi kumi na miwili mfululizo. Kuhusu siku kumi na tatu hawakuuliza neno. Hilal naye hakuguswa. Biashara zilipofunguliwa aliacha kazi serikalini, akaingiza mabetri na vioo vya umeme wa jua, na kwenye semina za nishati safi yeye ndiye aliyekaa meza ya mbele. Mimi nilipunguzwa kazi pamoja na wenzangu, nikafundisha hesabu sekondari. Wakati wote huo nilijitia moyo kwamba angalau mimi nilisema.

Lakini kabla ya hayo yote, mwezi ule ule wa jibu, Bertha alinitumia habari kwamba Hija amerudi na ng'ombe. Wanawake walikuwa wameutapisha mtambo wote kwa ndoo, wakauosha mara saba, na majiko yanawaka. Hawakuwa wameniita. Nilikwenda bila kuitwa.

"Shikamoo, Bi Mwanakhamis."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Aliniwekea mkeka na kikombe cha chai. Wenzake walikuwa wakikoroga. Nikavuta mikono ya gauni, nikainama kwenye beseni, naye akalikinga kwa mwili wake, polepole, asinidhuru.

"Kaa tu."

"Bado hamjanisamehe?"

"Tulikusamehe siku ile ile," akasema, akatia mikono yake mwenyewe kukoroga. "Kaa, unywe chai."

Nilikaa.