Macho ya Kwenye Kioo

Kila Alhamisi jioni watu wanne walikutana nyuma ya karakana ya fundi fremu, kila mmoja na picha ya uso aliyoichora wiki hiyo. Sheria yao ilikuwa moja: huulizwi umemchora nani, unaulizwa vifaa tu. Na kwa vifaa, watu wazima hao wenye akili zao walikuwa tayari kushikana mashati kwa ajili ya nibu ya kalamu.

Mchora ramani za nyumba, waliyemwita Rula, aliipenda sheria hiyo. Mdogo wake wa kiume alikuwa amefariki miezi mitatu iliyopita, na yeye hakuwa amedondosha hata chozi moja. Si kwamba alijikaza. Hakusikia kitu moyoni. Aliosha vyombo vya msibani, akapokea simu, akarudi kazini. Mama yake alimwangalia wee, siku ya tatu akamwambia, "Mwanangu, una roho ngumu. Hivi mdogo wako ulimpenda kweli?" Tangu hapo salamu zao zikawa za mkato. Mdomo ulikuwa umemshinda Rula, ndipo akaamua kumchora ndugu yake ampelekee mama.

Leo akaiweka picha mezani.

"Vifaa?" akauliza fundi fremu.

"Nywele na mashavu, penseli laini, nimeichonga kwa wembe. Macho, kalamu ya kuchovya na wino mweusi."

"Mashavu yametulia," akasema mwalimu mstaafu, waliyemwita Bibi Kifutio kwa sababu alifuta zaidi kuliko alivyochora. "Lakini macho wino wa nini? Penseli inasamehe. Wino ukikaa umekaa."

"Ningeyaacha kwenye penseli ningekuwa nayafuta kila siku."

Bibi Kifutio akavaa miwani. Akaitazama picha, akamtazama Rula, akairudia picha. "Uliyachora ukiangalia nini?"

Hilo nalo lilikuwa swali la vifaa, ukilibana kidogo. Rula akaeleza: picha pekee iliyobaki ilikuwa ya kitambulisho, na muhuri ulipigwa juu ya macho. "Nikatumia kioo. Tulifanana."

"Mlifanana, sawa. Ila hapa umejichora wewe, mwenzangu. Mkono ukiona kioo hauna adabu."

Fundi fremu akakohoa. Rula akatazama, na kweli, macho yalikuwa yake. Kosa la mwanafunzi, tena la wino. Aliona aibu, lakini hata aibu yenyewe aliisikia kwa mbali, kama redio ya jirani.

Jumamosi aliipeleka hivyo hivyo, maana nguvu ya kuanza upya hakuwa nayo. "Macho nimeyaharibu," alisema kabla hata hajaketi.

Mama aliishika picha kwa mikono miwili. Akapitisha kidole shavuni, akamtabasamia kidogo mwanawe wa pichani. Alipofika machoni alisita.

"Haya si ya mwanangu."

"Najua, mama. Nilikosea. Ni yangu."

"Ndiyo, yako." Mama aliinua uso, akamtazama binti yake kwa muda mrefu, akayarudia macho ya wino. "Kumbe umeumia hivi tangu siku ile ya msiba? Na mimi nakuita roho ngumu!"

Rula alitaka kumwambia kwamba hajalia, kwamba hasikii kitu. Mama alikuwa ameshasogea kwenye kochi, akimwachia nafasi ubavuni pake.

Rula akaketi. Chozi bado halikuja, na mama hakulidai.