Vidole vya Mwanahawa

Mwaka 1972 Wizara ya Mambo ya Nje ilinipeleka Mtwara, na sitaki mtu aniambie ilikuwa adhabu. Niliahidiwa ubalozi. Sharti lilikuwa moja: mjumbe wa taifa rafiki, wale waliotuletea shehena za silaha za wapigania uhuru wa ng'ambo ya mto Ruvuma, asinilalamikie hata mara moja. Akilalamika, ubalozi basi.

Urafiki wenyewe ulikuwa umeingia mdudu. Barua tatu za siri kati ya ofisi yangu na yake zilifunguliwa njiani, lakiri, ile nta ya kufungia bahasha, ikayeyushwa na kubandikwa tena. Boti mbili zikashambuliwa mtoni karibu na Kitaya kabla ya kushusha mzigo. Yeye alisema msaliti yuko kwetu, mimi nikasema yuko kwao. Kila Jumatano tulikunywa chai pamoja, na kila mmoja alisubiri mwenzake atangulie kuonja.

Jumatano moja nikajifanya mjanja. Nilimweleza kwamba anayechezea lakiri ya moto hakosi kuungua ncha za vidole.

"Tafuta vidole vilivyoungua," nilimwambia, "msaliti utakuwa umempata."

Akayaandika hayo kwenye kijitabu chake. Nilifurahi mno kuona maneno yangu yanaandikwa.

Jumatatu iliyofuata Mwanahawa, karani wangu wa kupiga chapa, aliingia kazini ncha za vidole zikiwa nyeusi, ngozi inabanduka. Nikakumbuka lakiri. Nilipomuuliza alisema ni korosho, alikuwa kijijini Ziwani akimsaidia mama yake kubangua. Nikacheka kwa dharau. Mimi ni mtu wa Bukoba. Korosho nilizozijua ni za kwenye sahani, na hizo hazijawahi kumuunguza mtu. Nikamwamuru akae nyumbani mpaka nimwite. Aliondoka bila kujitetea, jambo lililonizidishia shaka.

Kesho yake nikaenda Ziwani kuchunguza, nikisingizia kwamba napita tu. Mama yake, Bi Halima, alikuwa uani akichoma korosho juu ya kipande cha bati, moshi mzito umemzunguka. Alinipa kigoda, akanisogezea korosho zilizokwisha kuchomwa pamoja na bakuli la jivu.

"Jipake jivu mikononi kwanza, mwanangu," alisema. "Mafuta ya ganda yanaunguza."

Nikajua wameshapanga la kusema, mama na binti. Na mtu wa Wizara ajipake jivu ili wapate cha kumcheka? Nilikataa kwa adabu, nikabangua mikono mitupu kwa saa nzima, makusudi, nimwonyeshe kuwa binti yake ni mwongo. Macho yangu yalizunguka nyumba nzima yakitafuta lakiri au karatasi. Sikuona kitu, lakini vidole vyangu vilikuwa salama, nikaondoka nikijua nimemnasa.

Jumatano niliamka vidole vinawaka moto. Ncha zimekuwa nyeusi, ngozi inabanduka. Niliona aibu, tena aibu ya kweli. Nilichukua Landrova nikamfuata Mwanahawa kwake, nikamwomba radhi kwa kinywa changu mwenyewe. Alitazama mikono yangu kwenye usukani, akasema tu, "Pole, Bwana Andrea." Tukarudi ofisini pamoja.

Saa nne mjumbe akafika kwa chai yake. Alinipa mkono, nami kwa mazoea nikaupokea. Hakuuachia. Aliugeuza taratibu, kiganja kikatazama juu.

"Korosho," nikasema.

Akacheka. Kicheko kile nilikijua, kilikuwa changu cha Jumatatu.

Mwanahawa alikuwa ndiyo kwanza anaingia na sinia. Huruma ilimshika, nadhani, maana aliliweka chini haraka akaja kuniokoa. Alinyoosha mikono yake yote miwili mbele ya mgeni.

"Ni kweli, bwana. Hata mimi zimeniunguza, tazama."

Mjumbe alivitazama vidole vya Mwanahawa, akavitazama vyangu. Kisha akatoa kijitabu.

"Kumbe mko wawili," alisema.