Chuma cha Nne

Saa tisa na robo alasiri chuma cha nne cha kengele hakikuwa mahali pake. Vyuma vitatu vilining'inia juu ya meza ya mtangazaji wa stesheni, na pembeni yake kamba moja tupu.

"Fundi kakichukua," alisema karani wa tiketi kutoka dirisha la pili. "Tundu limepasuka, anatoboa jingine. Anasema treni ya leo ni ya kusadikika tu."

"Na ikifika?"

"Ikifika, dada, gonga ulivyo navyo."

Tangu asubuhi mtangazaji alikuwa akitangaza kuchelewa, na koo lilikuwa limemkauka. Hakuna aliyesikiliza maneno yake. Spika za ukumbi wa kungojea zilikuwa mbovu, na sauti ilitoka kama kokoto ndani ya kopo. Abiria walifuata mlio. Vyuma vitatu: treni imechelewa, endelea kukaa. Vile vitatu na kile cha nne chenye sauti kali: treni inaondoka, inuka. Wenyeji walijifunza utotoni. Wageni walijifunza kwa kuachwa.

Kupitia kioo cha kibanda aliuona ukumbi wote. Chini ya saa ya ukutani alilala kaka yake, kidevu kifuani, sanduku la tarumbeta mapajani. Bendi yake ya kwanza ilimfukuza kwa sababu alimsahihisha kiongozi katikati ya wimbo, mbele ya watu. Ya pili ilimfukuza kwa kosa lile lile. Ya tatu, katika mji ulioko mwisho wa reli, ilikubali kumsikiliza kesho asubuhi. Nyingine zote hazikumjibu. Treni iliyofuata ingepita kesho kutwa.

"Ukifika huko, kaka, funga mdomo," alikuwa amemwambia asubuhi.

"Nikifunga mdomo nitapulizaje?"

"Unanielewa vizuri sana."

"Mtu akiimba chini ya sauti inayotakiwa, sikio linaniuma, mdogo wangu. Si ujuvi."

"Basi liume kimyakimya."

Treni ya abiria iliingia. Ukumbi uliipa reli mgongo, madirisha yake yalikuwa juu karibu na dari, na treni za mizigo zilikuwa zimenguruma huko nje siku nzima. Hakuna aliyegeuza shingo. Karani alifunga dirisha lake akaenda kusimama langoni, mwisho kabisa wa jukwaa.

Mtangazaji aligonga vyuma vitatu, akatangaza kwamba treni inaondoka.

"Haya, wameanza tena," alisema mzee mmoja, akashusha kofia usoni. Mama mmoja aliyekaa karibu naye akajigeuza upande wa pili.

Aligonga tena, akatangaza tena. Mtu mmoja akapiga miayo. Kanuni ilikuwa moja: treni ikiwa imesimama, mtangazaji haachi kibanda, kwa kuwa simu ya ishara, ya kuiruhusu treni kuondoka, iko humo. Aligonga kioo kwa kiganja. Kilikuwa kioo kinene. Kaka hakutikisika.

Basi aligonga vyuma vitatu, akasogea kwenye kipaza sauti, na mlio wa nne akauimba mwenyewe.

Sauti ilikwama njiani, haikufika juu. Ukumbi ulicheka.

"Leo kengele ina mafua!" alisema mama yule.

Kaka alikunja uso kama mtu aliyeguswa jino bovu. Macho bado yamefumbwa, midomo yake ilitamka neno ambalo dada yake alilisoma kupitia kioo bila taabu: chini.

Akagonga tena, akaimba tena. Hakuhitaji kujitahidi ili akosee.

Kaka akafumbua macho. Akafungua sanduku, akasimama, akapuliza mlio wa nne, mmoja tu, safi, mahali pake hasa.

Ukumbi mzima uliinuka. Mabegi yalivutwa, watoto wakabebwa, mzee akaokota kofia yake. "Kumbe inaondoka! Si waseme!"

Kaka peke yake hakwenda popote. Alisimama na tarumbeta mkononi, akikitazama kibanda, akisubiri arudie kwa usahihi.

Dada alimwonyesha mlango. Kaka akatikisa kichwa, akamwashiria aimbe.

"Panda treni, wewe!" alisema kwenye kipaza sauti. Zilitoka kokoto.

Mzee wa kofia, aliyekuwa wa mwisho kutoka, alimshika kaka mkono. "Mwanangu, unabaki kuvipigia viti? Twende."

Wakatoka pamoja, kaka akiangalia nyuma.

Simu ya ishara ililia. Mtangazaji aliijibu, na treni ikaondoka. Behewa la mwisho lilipopita mbele ya kibanda, kaka alikuwa dirishani, amemwelekezea dada yake kidole, anakipandisha juu, juu kidogo tena.